Pembe kati ya vekta: 60° au 120°?

Asalaam aleikum wanakikundi. Kabla hatujakutana Chake kesho baada ya laasiri, tuliweke sawa hili la vekta, maana takriban madaftari yote yamekosea pale pale.

Ngalawa ina kasi ya 5 majini (vekta a), mkondo una kasi ya 3 (vekta b), na aliyeko pwani anaiona ikienda kwa 7 (ukubwa wa a+b, yaani |a+b|). Swali: pembe θ kati ya a na b ni ngapi? Tumieni

|a+b|² = |a|² + |b|² + 2|a||b| cos θ

Yaani 49 = 25 + 9 + 30 cos θ. Hapo cos θ = 0.5, θ = 60°.

Walioandika 120° wametumia kanuni ya kosaini ya pembetatu, yenye alama ya kutoa. Hesabu yao ni sahihi, ila wamepata pembe ya ndani, pale kichwa cha a kinapogusa mkia wa b. Pembe ya vekta hupimwa mikia ikiwa pamoja. Choreni kwanza, tafadhalini! Kutoa kunafaa mkipewa |a−b|.

Kikokotoo kikileta 1.047 kimo kwenye radiani, kirudisheni kwenye digrii. Kikigoma kabisa, tazameni kama namba za swali zinawezekana: kwa 5 na 3, |a+b| haizidi 8 wala haipungui 2.