Mhariri, ufunguo haujafa, muhuri wake ndo umechakaa

Mhariri, salaam na pole na majukumu.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Tanga, nahudumia maduka ya jumla na ofisi mbili tatu, na kuna tabia nimeiona kwa mafundi wenzangu tangu Februari 2026 imenikaa rohoni, naomba nafasi kidogo niiseme.

Wanaotumia Debian 13, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa familia ya Linux, watakuwa wamekutana na tatizo lenyewe. Unapiga apdeti kama kawaida, mashine inagoma, inakwambia ufunguo uliosaini hizi programu (ufunguo wa kidijitali ambao mtengenezaji anathibitishia kwamba programu ni yake) haukubaliki kwa sababu sahihi iliyo ndani yake ni ya SHA-1 (hesabu inayofupisha data kuwa alama fupi ndo isainiwe) na SHA-1 haihesabiki kuwa salama kuanzia tarehe 1 Februari 2026. Kusema kweli ilishatuonya, miezi kadhaa kabla ilikuwa inaandika kwamba sahihi hii itakataliwa ndani ya mwaka, mimi mwenyewe nikawa naipita tu kama zile meseji za "umeshinda zawadi", kwa hiyo lawama na mimi nimo.

Sasa fundi mmoja nilimkuta dukani kwa mteja, kafungua faili la vyanzo vya programu kaandika trusted=yes, yaani amini bila kukagua sahihi, kafunga, apdeti ikapita, kalipwa kaondoka. Jamani! Hapo umemwambia mlinzi wa geti aache kabisa kuuliza vitambulisho, yeyote atakayeweza kujipenyeza katikati ya ile seva na duka lako anakuwekea programu yake na mashine inapokea kwa mikono miwili, na hiyo ndo mashine yenye mahesabu ya stoo na madeni ya watu.

Wengine wanasema ufunguo umezeeka tupa tengeneza mpya. Hapana, ufunguo wenyewe unaweza kuwa mzima kabisa. Chukulia barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, mtu ni yule yule, nyumba ile ile, ila muhuri uliogongwa ni wa aina ambayo wachonga mihuri wa mtaani wameshaujulia. Humfukuzi mtu mtaani, unampeleka akagongewe muhuri mpya basi. Muhuri kwetu ndo ile sahihi ya SHA-1. Na ndani ya ufunguo mihuri iko mingi, kuna unaofunga jina la mwenyewe na kuna unaofunga kila ufunguo mdogo (ufunguo wa ziada ulio chini ya ule mkuu), yote inakuwa imesainiwa na mwenye ufunguo mwenyewe.

SHA-1 ilitoka 1995. Mwaka 2005 Wachina wakiongozwa na Wang Xiaoyun wakaonyesha ina ufa, 2017 Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam wakatoa PDF mbili tofauti zenye SHA-1 moja. Lakini iliyotugusa sisi wa funguo ni ya Januari 2020, Gaëtan Leurent na Thomas Peyrin walitengeneza funguo mbili za PGP (mfumo wa sahihi ambao ndo wa funguo zetu hizi) zenye majina tofauti ambazo ukisaini mmoja sahihi yako inahamishika kwa mwingine!! Walitumia kadi za michoro 900 kwa miezi miwili na wakakadiria mtu akijipanga vizuri inamgharimu kama dola 45,000. Nisitishe watu, ujanja ule unataka mtu akuletee kitu alichokiandaa yeye ndo usaini, kwa hiyo sisemi kesho mtu ataamka aughushi ufunguo wako wa 2012. Ila kazi ya milioni mia na kitu za kwetu kuna watu hawaioni kubwa, na kadiri miaka inavyokwenda gharama ya mahesabu kama hayo huwa inashuka.

Kukagua ni dakika moja. Chukua ufunguo wa wazi (nusu inayogawiwa watu, ya siri inabaki kwa mwenyewe), na kwa gpg, programu ya kusimamia funguo hizi, piga gpg --list-packets ukifuatiwa na jina la faili, halafu tafuta palipoandikwa digest algo. Ukiona 2 hiyo ni SHA-1, ukiona 8 ni SHA-256, 10 ni SHA-512. Zikichanganyika 2 na 8 usishtuke, mihuri ya zamani huwa inabaki humo, inayohesabika ni ya karibuni zaidi.

Kurekebisha anafanya mwenye ufunguo wa siri peke yake, mimi na wewe hatuwezi kumsaidia. Kwa gpg mpya anaingia --edit-key, anabadili tarehe ya kuisha kwa ufunguo mkuu, kisha anachagua kila ufunguo mdogo anafanya hivyo hivyo, anasevu, mihuri mipya inagongwa kwa algoriti ya kisasa na alama ya vidole ya ufunguo (namba yake ya utambulisho) inabaki ile ile. Ufunguo mdogo wa kusainia una muhuri mwingine wa kurudi kwa mkuu, huo unaweza ukabaki wa kizamani hata baada ya hapo, mi naona rahisi kuongeza mdogo mpya kuliko kuhangaika nao. Wanaotumia sq, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, wana amri yake ya lint inayokagua na kutengeneza yenyewe. Halafu, na hapa ndo wengi wanasahau, ufunguo wa wazi usambazwe upya, maana kwenye mashine za wateja bado umekaa ule wa zamani.

Nilishaiandikia kampuni moja iliyotuuzia programu ya stoo, sitaji jina, nikawaeleza yote haya na nikawawekea na ile mistari yenye digest algo 2. Nikajibiwa nizime ukaguzi "kwa muda". Wiki ya tatu sasa. Nimeacha programu yao kwenye toleo la zamani, ukaguzi nimeuacha umewashwa, na mteja nimemweleza kwa nini, kanuna ila kaelewa.

Fundi kompyuta,
Chumbageni, Tanga