Kaka, ule ubishi wetu wa Jakaya

Kaka mambo vipi, za tangu juzi. Nimeona nikuandikie maana kwenye simu ulinikatisha, ukasema Jakaya Kikwete miaka yake 10 yote ya urais alikuwa anapanda ndege tu, salio likaisha mimi bado nina hoja.

Sasa sikia. Wiki iliyopita nilikuwa Dodoma nikapanda daladala hadi UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma alichokianzisha yeye, kumpelekea mdogo wangu godoro, yani kaka pale sio chuo, pale ni wilaya. Unashuka Social unaambiwa Education iko kule, CIVE ya watu wa kompyuta iko kule, katikati ni pori na vilima na ule upepo wa Dodoma, ukisema utembee kwa mguu na godoro kichwani ujue umeamua mwenyewe. Halafu kumbuka 2007 pale palikuwa na nini? Ukumbi wa Chimwaga na vichaka basi. CCM wakatoa ukumbi wao, chuo kikaanzia humo, na hapohapo mipango inasema wanafunzi 40,000! Mimi ningecheka.

Na Chimwaga ndo penye utamu wenyewe. 1995 Jakaya aligombea kuteuliwa na chama palepale, raundi ya kwanza akaongoza, ya pili Mkapa akampiku. Miaka 12 baadae yeye ndo rais, ukumbi ule ule anaufanya chuo, na mkuu wa chuo wa kwanza anamweka nani? Mkapa! Mwingine angekuwa amenuna mpaka leo.

Ila sio kwamba aliota tu usiku akaamka na chuo. Shule za kata zilikuwa zinaota kama uyoga kipindi kile, bodi ya mikopo nayo ndo imeanza 2005, watoto wanamaliza form six wengi kuliko zamani na Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar, peke yake isingewabeba. Tena tusimpe yeye sifa zote, Profesa Kikula ndo alikuwa makamu mkuu wa chuo toka mwanzo, yule ndo aliyekula vumbi lenyewe.

Hela sasa, hapo nakupa pointi yako. Majengo mengi yamejengwa na hela za mifuko ya jamii, NSSF, PSPF na wenzao, kwahiyo pensheni ya mama yako mwalimu nayo imo kwenye zile kuta, serikali ikaahidi kulipa taratibu ikawa inasuasua mpaka CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akawa analipigia kelele deni hilo kwenye ripoti zake. Hiyo siitetei. Na kasi nayo ina shida yake, jengo unaweza kulisimamisha ndani ya miaka miwili ila profesa humpati kwa miaka miwili, chuo kinachokua haraka vile lazima kitegemee sana wahadhiri vijana.

Lakini we niambie, alivyotoka 2015 aliacha chuo chenye vyuo ndani yake, na hospitali ya Benjamin Mkapa kaizindua mwaka huohuo palepale (jina hilo tena, unaona!). Kama hiyo ndo kupanda ndege basi apande tu.

Haya jibu, ila andika, usinipigie unanikatisha sana. Na ukija Dodoma nitakupeleka ukajionee, uje na raba.