Baba, naomba shamba la Simbo lisiuzwe

Milwaukee, Wisconsin
Jumapili usiku

Wazazi wangu Baba na Mama,

Assalaam alaykum. Shikamooni. Mimi ni mzima, na theluji imepungua. Athumani, msomee Baba taratibu, na ukifika kwenye hesabu rudia mara mbili.

Mama ameniambia kwamba Baba ameshapata mnunuzi wa shamba la michikichi la Simbo, ili nilipiwe chuo cha kusomea upigaji eksirei, nisikope. Baba, nililia kwenye basi. Lakini naomba usiuze. Ile miche ya tenera, michikichi ya kisasa, mliyopanda msimu uliopita itaanza kuzaa ikifika mwaka wa 3 hivi, na Zuhura naye ndio kwanza anatafuta chuo. Shamba hilo ni lake kuliko langu.

Najua kinachokuumiza si deni lenyewe, ni riba. Umetulea Ujiji ukikataa hata mkopo wa kuongeza nyavu kwa sababu hiyo, kwa hiyo nimelitafuta jambo hili mpaka mwisho wake.

Kwa kuwa nina grini kadi, serikali ya huku inanihesabu kama mwanafunzi wa ndani. (Binamu anayeulizia kuja kwa viza ya mwanafunzi aelewe kwamba yeye hatapata mkopo huu wala ruzuku.) Kuna ruzuku iitwayo Pell, isiyorudishwa, na kiwango chake cha juu ni dola 7,395 kwa mwaka. Mimi nimepewa 4,000, maana wametazama mapato yangu ya nyuma, nilipokuwa nafanya kazi hadi usiku. Halafu kuna mikopo ya namna mbili. Mmoja unazaa riba tangu siku unapoupokea. Huo nimeukataa. Wa pili riba yake inabebwa na serikali muda wote unaposoma, na miezi 6 baada ya kumaliza. Mwaka wa kwanza mwisho wake ni dola 3,500, wa pili 4,500. Jumla 8,000. Wanakata ada ya kuutoa, kama senti 1 kwa kila dola. Nikiulipa wote kabla miezi hiyo 6 haijaisha, riba hailipwi hata senti.

Nitaulipaje? Nina dola 3,000 nilizoweka pembeni, sizigusi. Zinabaki 5,000, ambazo kwa miezi 4 ya mshahara mpya ni 1,250 kila mwezi, nikiendelea kuishi chumba hiki hiki na kula ninavyokula sasa. Sikufichi: nikichelewa kupata kazi, riba itaanza kuhesabiwa. Hapo ndipo nahitaji dua zenu, na pia rai ya shehe wetu. Muulize, Baba, nami nitasikiliza atakalosema.

Ada, vitabu na sare kwa miaka 2 ni kama dola 12,000. Ni chuo cha ufundi cha umma, ndiyo maana ni nafuu. Ukitoa ruzuku ya miaka yote 2, yaani 8,000, zinabaki 4,000 za mfukoni mwangu. Kwa hiyo ada siyo mzigo, Mama. Mzigo ni mshahara ninaouacha. Sasa hivi kwenye nyumba ya wazee napata kama 36,000 kwa mwaka kabla ya kodi, kwa kuwageuza, kuwaogesha na kuwalisha. Mafunzo ya hospitali ni siku 3 kwa wiki bila malipo, kwa hiyo nitabaki na zamu za Jumamosi na Jumapili na usiku mmoja. Nitapoteza kama 16,000 kila mwaka. Mkopo ni wa kodi ya nyumba na chakula katika kipindi hicho.

Sasa faida yake. Takwimu za Wizara ya Kazi za 2024 zinasema nusu ya wapiga eksirei nchini humu wanapata zaidi ya dola 77,000 kwa mwaka, na nusu chini ya hapo. Anayeanza halipwi kama mzoefu, kwa hiyo mimi nimepiga hesabu ya 56,000 tu. Hata hivyo ni 20,000 zaidi ya sasa. Yote niliyopoteza yatarudi kwa miaka 2 hivi ya kazi.

Mwaka juzi nilikaribia kuingia mkenge. Chuo kimoja binafsi kilinipokea kwa kahawa na tabasamu, kozi ya miezi 10 ya kumsaidia daktari kliniki, dola 18,000. Waliniwekea fomu ya mkopo mezani kabla hawajaniuliza nimesoma nini. Nikauliza mshahara, wakasema inategemea. Nilipotafuta mwenyewe nikaona wa katikati katika kazi hiyo anapata dola 44,000 na kidogo. Deni kubwa kuliko ninalochukua sasa, kwa kipato kidogo. Na nilipouliza kama cheti chao kinamwezesha mtu kufanya mtihani wa eksirei, yule dada akakwepa swali. Bodi inayosajili wapiga eksirei, ARRT, tangu 2015 haimpi mtihani asiye na digrii, angalau ya miaka 2. Namwonea huruma kila aliyesaini pale.

Zuhura, hapa nasema nawe mdogo wangu. Kabla hujalipa hata fomu ya kozi ya maabara, hakikisha NACTVET, baraza la serikali la elimu ya ufundi, wamekisajili chuo hicho kwa kozi hiyo hiyo, na uliza waliomaliza wako wapi leo: wameajiriwa, au wanasubiri ajira nyumbani? Wasubirio ni wengi. Tangu 2023 Bodi ya Mikopo inakopesha pia stashahada za afya, ingawa si kila mwombaji anapata, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara. Omba mkopo huo kwanza. Mawese ya Simbo yatajazia palipopungua.

Jambo linalonitisha ni kushindwa katikati, maana mkopo unadaiwa hata na asiyemaliza. Nimerudia hesabu na anatomia mwaka mzima kabla ya kuomba nafasi kwa sababu hiyo.

Kuanzia mwezi wa 9 nitatuma dola 80 badala ya 200, kwa miaka 2. Nisameheni. Dawa za presha za Mama zitangulie kabla ya kitu kingine chochote, na zikipanda bei Athumani anipigie siku hiyo hiyo.

Ijumaa baada ya swala nitapiga simu. Baba, nataka nisikie kwa sauti yako kwamba mnunuzi umemwambia hapana.

Mwanenu,
Mariamu