Halingi haijabaki vilevile, na hatari ingalipo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu katika ukurasa wa michezo ilisema kwamba halingi, mpira wa magongo wa Ayalandi, umechezwa vilevile kwa miaka elfu tatu, na kwamba tangu UNESCO iuingize kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2018 hauna tena hatari ya kupotea. Mimi ni fundi seremala ninayeishi Kilkenny, na karakana ninayofanyia kazi inachonga magongo hayo. Naomba nafasi nipinge yote mawili.

Hadithi ya kijana Setanta, aliyemuua mbwa mkali wa mhunzi Culann kwa gongo na mpira akaitwa Cú Chulainn, yaani Mbwa wa Culann, hapa inajulikana na wakubwa kwa wadogo. Ni tamu, ila haisemi timu ilikuwa na watu wangapi wala bao lilihesabiwaje. Sheria za Kilkenny za mwaka 1366, zilizopitishwa na watawala wa Kiingereza papa hapa mjini, ziliwakataza walowezi kucheza mpira wa magongo, zikawataka wajifunze upinde na mkuki. Wenyeji wanapenda sana kuisimulia habari hiyo, maana kaunti ilikopitishwa marufuku hiyo ndiyo iliyoutwaa ubingwa wa Ayalandi kuliko nyingine zote: mara 36, ya 36 ikiwa 2015. Mtu wa Cork au Tipperary, kaunti hasimu zetu, usimwambie.

Baadaye palikuwa na michezo miwili, si mmoja. Kaskazini walitumia gongo jembamba na kucheza majira ya baridi. Kusini lilikuwa gongo pana, mchezo wa kiangazi, na katika karne ya 18 mabwana wenye ardhi walifadhili timu na kuwekeana dau. Njaa kuu ya miaka ya 1840 ilipopita na watu wengi kufa au kuhama, mchezo ulikuwa umebaki sehemu chache tu. Michael Cusack, mwalimu mzaliwa wa Clare, na wenzake walipokutana katika hoteli ya Hayes mjini Thurles tarehe 1 Novemba 1884 kuunda GAA, chama cha michezo ya asili ya Kiayalandi, walichokiandikia kanuni ni ule wa kusini. Fainali ya kwanza ya taifa ilichezwa mjini Birr mwezi Aprili 1888, Tipperary wakawafunga Galway, kila upande ukiwa na watu 21. Idadi ikashushwa hadi 17, kisha 15 tangu 1913. Kofia ngumu zimekuwa lazima kwa wote tangu 2010. Huko vilevile ni kupi?

Sasa hatari. Gongo zuri halitoki popote kwenye mti. Tunataka kipande cha chini kabisa cha shina la mti uitwao eshi, kama futi nne hivi, pale linapotanuka kuelekea mizizini, kwa sababu nyuzi za mbao hapo zinapinda zenyewe kuufuata mkunjo wa bapa la kupigia. Ukilichonga bapa kwenye mbao iliyonyooka, nyuzi zinaishia ukingoni na gongo linapasuka magongo mawili yakigongana tu. Hata lile zuri tunalifunga utepe wa bati. Eshi huhitaji miaka ipatayo 30 kufikia unene tunaoutaka.

Mwaka 2012 ugonjwa wa kuvu unaoua eshi uligunduliwa kaunti ya Leitrim, kwenye miche iliyoletwa kutoka nje. Mti unaanza kukauka kwenye ncha za matawi, na kadiri unavyoendelea kufa mbao yake inakuwa kavu, inavunjika badala ya kunesa. Mbao za kuagiza si kimbilio la kudumu, kwa kuwa Ulaya bara iliupata ugonjwa huo kabla yetu. Cheti cha UNESCO hakitibu kuvu.

Siku hizi kuna magongo ya mianzi na ya plastiki. Wenzangu karakanani hawataki hata kuyasikia. Mimi nimelishika la mwanzi, nimelipindisha, nimelipigia mpira, na naona litafaa, ingawa mkono wangu unaijua eshi na utaendelea kuitaka. Kanuni zimebadilishwa, idadi ya wachezaji imebadilishwa. Mti nao unaweza kubadilika. Lisilobadilika mpaka sasa ni kwamba mtu anachezea klabu ya parokia yake na halipwi mshahara. Henry Shefflin wa hapa Kilkenny alipata medali 10 za ubingwa wa taifa kati ya 2000 na 2014 akiwa mchezaji wa ridhaa, na akirudi kwao alikuwa akiichezea klabu ya Ballyhale Shamrocks.

Mwisho, ile picha mliyoiweka kwenye makala. Waliomo ni wanawake, na wao mchezo wao ni kamogi, yaani halingi ya wanawake, ulioanzishwa mwaka 1904. Nimewatambua kwa zile kaptura zilizoshonewa sketi mbele, ambazo walilazimishwa kuzivaa mpaka walipoipigia kura kanuni hiyo Mei 2025 na kuiondoa. UNESCO iliiorodhesha kamogi pamoja na halingi, lakini makala yenu haikuitaja hata mara moja. Mkirudia habari hii, wapeni nafasi yao.

Fundi seremala,
Kilkenny, Ayalandi