Tutajieni kijiji kimoja cha kuwindia kwale na watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo kwa watu wa mjini linaweza kuonekana la kizamani. Sisi wazazi wa Mwanza tunaotaka kuwafundisha watoto wetu kuwinda kwa kufuata sheria hatuna pa kuwapeleka. Sizungumzii nyati wala pofu. Nazungumzia kwale, kanga, njiwa, na sungura akijitokeza. Tena mahali ambapo mtu anaondoka nyumbani alfajiri na watoto wa darasa la pili, na jioni anarudi nao wakiwa bado na nguvu ya kuoga na kula.

Mimi ni fundi umeme, naishi Buhongwa. Nina mapacha, Kulwa na Doto, wana miaka minane, na mdogo wao Shija ana mitano. Marehemu baba alikuwa na gobore lake lenye kibali kule Kwimba, na nyumba yetu haikujua kununua kitoweo msimu wa kanga. Mimi nina shotgani yenye leseni, inakaa kwenye sanduku la chuma na risasi zinakaa kwingine. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nataka kumpa mtoto bunduki. Mtoto hapaswi kushika bunduki, na siombi abadilishiwe sheria.

Ila tusidanganyane kwamba watoto wa mji huu hawawindi. Panda Mabatini, Igogo au Bugarika saa za kutoka shule, uangalie shingoni mwao. Kila kundi lina manati. Wanapiga minana kwenye viota, wanapiga njiwa wa watu, na zaidi ya wote wanampiga yule mjusi wa mawe mwenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu. Wataalamu wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae, na watalii humpiga picha kama wamekutana na chui. Watoto wetu wanampiga kokoto, anaanguka, wanamgeuza kwa kijiti, wanamwacha hapo hapo. Hakuna anayemla. Hakuna aliyewauliza kwa nini.

Mama mmoja jirani yangu aliposikia mipango yangu alinijia juu: "Baba Kulwa, unawafundisha watoto kuua?" Nilimjibu kwamba kuua walishajifunza wenyewe vichochoroni. Wasichokijua ni lini mtu anaacha kuua. Mtoto aliyelelewa na mwindaji anajua kwamba jike lenye watoto haliguswi, kwamba hupigi usichokiona vizuri, kwamba ukijeruhi unafuatilia hadi umalize, na kwamba ulichokipiga unakibeba, unakinyonyoa na kukila. Mwenye manati wa Igogo hana hata moja la hayo.

Kuna na suala la mahakama. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, haichezewi. Kuwinda bila leseni ni kosa. Kutega tanzi, kuchimba shimo, kuweka sumu, kumulika kwa taa usiku, kumfukuza mnyama kwa gari, yote ni makosa. Kukutwa na paja la digidigi ndani ya begi bila karatasi ni kukutwa na nyara za Serikali, na vijana wa Bunda na Meatu wanafungwa kwa hilo huku mama zao wakiapa kwamba "ni kitoweo tu". Mtoto wa Kisukuma anafika miaka ishirini hajawahi kumsikia mtu mzima akimweleza mstari huo uko wapi. Anaujua siku anaposomewa shitaka.

Wakati wa Saba Saba niliwachukua watoto nikaenda nao kwa shemeji yangu Misungwi, bila bunduki, tukatembee kwenye majaruba ya mpunga uliokwishavunwa. Nilitaka nione kama wataweza. Hatukwenda mbali, maana Shija alidai kubebwa mgongoni kabla hata ya kuivuka barabara ya ng'ombe. Chini ya mgunga mmoja tukakuta vumbi limechimbwa vishimo vishimo, vya ukubwa wa bakuli. Doto akasema ni kuku. Nikamwambia atafute ushahidi. Akapiga magoti, akachakura, akatoa unyoya mweusi wenye madoa meupe yaliyopangika kwa mistari. Hapo ndipo kanga huoga vumbi mchana jua likiwa kali. Pembeni udongo ulikuwa umeparuliwa, na nyayo za vidole vitatu zilielekea kichakani, zote upande mmoja, hatua ndefu. Nikawauliza: walikuwa wanatembea au wanakimbia? Kulwa akajaribu mwenyewe kwenye vumbi, mara akitembea, mara akikimbia, akalinganisha nyayo zake. Akasema wanakimbia, na walikimbia kwa sababu tulikuja tunapiga kelele. Hakuna aliyemfundisha hilo.

Tulikaa kimya nyuma ya kichuguu. Kwa watoto wa umri ule kukaa kimya ni adhabu, lakini waliweza, hata Shija, japo yeye alikuwa ameshalala. Tukawasikia kanga kabla ya kuwaona, ile sauti yao kavu ya kukwaruza. Wakatoka mmoja mmoja, yule wa mbele akinyoosha shingo kila hatua chache. Ningekuwa na leseni ya ndege na ruhusa ya mahali pale, ningepiga mmoja, na jioni watoto wangejifunza kumnyonyoa na kuyatoa marisau, vile vidonge vya risasi ya shotgani, kwenye nyama kabla ya kupika, maana risasi si kitu cha kumezwa na mtoto. Sikuwa navyo. Tukarudi na unyoya.

Baada ya hapo nikaenda kwenye ofisi moja ya wilaya, siitaji, kuuliza utaratibu wa leseni ya mwenyeji kwa ajili ya ndege. Aliyenipokea alikuwa mstaarabu, sina ugomvi naye. Akanituma kwa mwenzake, mwenzake yuko semina. Nikarudi, nikaambiwa maeneo yanayoruhusiwa "yatatangazwa". Yatatangazwa wapi, hakuna aliyejua. Nikapewa jina la ofisi nyingine mkoa wa jirani. Fundi umeme akifunga kazi siku nzima kufuata karatasi amepoteza siku ya mshahara, na mwisho anaona heri akae. Walio wengi hawakai. Wanaingia porini kimya kimya, na hao ndio baadaye tunawasoma kwenye habari za mahakamani.

Najua atakayenijibu kwamba maeneo yapo. Ni kweli, kwa mtu mwenye gari la magurudumu manne na wiki nzima ya kutumia. Hifadhi za Taifa haziwindwi na ndivyo inavyopaswa. Vitalu vya kuwindia vya Pori la Akiba Maswa ni vya wageni wanaolipa dola. Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori kama Makao kule Meatu au Ikona kule Serengeti ni mbali kwa mtoto wa miaka mitano, na huko mbung'o hawachagui mkubwa na mdogo. Mtoto mdogo anataka mahali penye barabara inayofika, kivuli, maji safi, choo, na matembezi yanayokwisha kabla ya saa nne asubuhi. Akiunguzwa na jua siku ya kwanza hutampata siku ya pili.

Maeneo ya namna hiyo tunayo jirani kabisa. Mbuga za mpunga na pamba za Misungwi, Kwimba na Magu zina kwale na njiwa wa kutosha, na wakulima wenyewe wanalalamika. Sengerema nayo imesogea. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji tulizokuwa tukisubiria pantoni tunazivuka kwa dakika chache tu, na mimi ninayekaa Buhongwa niko Kigongo kabla chai haijapoa kwenye chupa. Upande ule kuna vijiji ambavyo vingeweza kutengewa eneo dogo, idadi ya ndege ikapangwa na wataalamu wa wanyamapori, na askari wa wanyamapori wa kijiji akaongozana na kila familia. Ada ya siku moja ilipwe kwa namba ya malipo kwenye simu kama tunavyolipia kila kitu siku hizi, sehemu yake ibaki kijijini. Mwanakijiji anayeona kanga wanaingiza fedha ya zahanati atakuwa wa kwanza kumkamata mtega tanzi.

Nisisitize: pasiwe ufukweni. Wapo watakaofikiria fukwe kwa sababu ya bata maji na upepo mzuri. Mtoto haambiliki akiona maji, na kwenye matete yetu kuna kichocho, kuna mamba, na viboko hutoka kulisha jioni. Nchi kavu inatosha, na nako kuna nyoka aina ya moma kwenye majani, kwa hiyo gambuti ni lazima, hata kama mtoto analia zinambana.

Wakati nao unatusaidia. Msimu ukifunguliwa Julai nyasi zimelala, mtoto anaona anapokanyaga, na kanga wamekusanyika makundi makubwa. Mvua zikianza wanatawanyika wawili wawili kutaga, na hapo mwindaji mwenye akili anawaacha. Saba Saba na Nane Nane zinaangukia humo humo, na watoto hawaendi shule. Badala ya kuwapeleka viwanja vya maonyesho Nyamhongolo kula vumbi na soda kila mwaka, mwaka mmoja wangeweza kwenda porini.

Hadi hapo tutakapojibiwa, kwa wazazi wenzangu wanaoniuliza: mwanzo mzuri haudai leseni ya kuwinda. Kisiwa cha Saanane ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2013, ndogo, kilomita za mraba 2.18, na boti kutoka mjini ni dakika chache. Pale unatembea kwa miguu, na huhitaji kumfunga mtoto ndani ya gari. Waonyeshe pimbi. Waonyeshe yale madoa meupe yanayotiririka kwenye miamba, ni mkojo wa pimbi wa miaka mingi, na uwaache wamtafute mlinzi wa kundi anayekaa juu ya jiwe na kupiga mluzi. Wakishindwa kumkaribia bila kushtukiwa, watajua kwa nini unawaambia wanyamaze. Swala pala nao wapo, kwa hiyo kuna nyayo za kwato za kulinganisha.

Kisha nendeni Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa. Mtoto asikie habari za Bayeye waliowamudu nyoka, na Banunguli waliokuwa wakiingia shimoni kumfuata nungunungu aliyemaliza viazi vya watu. Kulwa aliposikia kwamba mtu aliingia kwenye tundu lenye miiba ile kwa tumbo lake aliacha kulalamika kuhusu gambuti.

Mwenye ndugu wenye shamba la mpunga ampeleke mtoto kuamia ndege. Kwelea kwelea wakishuka jarubani mtoto anajifunza kuamka mapema, kutumia macho na kurusha udongo kwa kombeo bila kumlenga binadamu. Jihadharini tu pale ndege ya Serikali ikishanyunyiza sumu: kwelea waliokufa wasiokotwe kwa kitoweo, hata wawe wengi namna gani. Na mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi. Funika kichuguu kwa blanketi, acha tundu moja, chimba kishimo mbele yake uzamishe sufuria, uwashe taa. Shija anauhesabu huo kuwa ndio uwindaji wenyewe, na sioni sababu ya kumbishia.

Serikali hii hii imeruhusu bucha za nyamapori ili mwananchi ale bila kujificha. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini mtu anayenunua nyama iliyokatwa tayari hajajifunza chochote kuhusu mnyama wala pori, na bei yenyewe si ya kila mtu.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, pamoja na maofisa wanyamapori wa wilaya za Mwanza, wajibu kupitia gazeti hili kabla msimu haujafunguliwa Julai. Watutajie kijiji kimoja tu cha kuanzia, ndege wanaoruhusiwa na idadi yake, ada ni kiasi gani, na ofisi ipi inatoa leseni siku gani za wiki. Kama jibu ni kwamba hakuna eneo, nalo liandikwe hivyo wazi, tujue tunaanzia wapi kudai.

Baba Kulwa,
Buhongwa, Mwanza