Deni lako na cherehani ya Bakari

Chumbageni, Tanga
11 Novemba

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Sisi hatujambo, ila hilo "hatujambo" ungelisikia kinywani mwa mama ungejua lina walakini.

Najua unangoja laki mbili zako tangu Ramadhani. Ningekupigia, lakini kwenye simu ningekuzungusha tu kama mwezi jana. Basi soma.

Nilikwambia ndugu yangu Bakari anaumwa, nikakuacha udhani ni malaria. Ni akili. Alianza kukesha, akaja kuongea na watu tusiowaona, mwisho akakikata vipande vipande kitambaa cha harusi cha mteja, eti kina kamera. Wajomba wakaamua karogwa. Mganga alichukua laki tatu na nusu na beberu, na ili alipwe, cherehani ya marehemu baba, ile Butterfly, ikawekwa rehani kwa jirani. Hospitali tulifika baada ya miezi mitano. Unajua mambo ya hapa: ukitaja ugonjwa wa akili watu wanakutajia hospitali ya Mirembe huku wanacheka, na ndugu yetu Rukia alikuwa na posa. Tulificha bure. Washenga walisikia, hawakurudi.

Matibabu ni bure, sikatai, ndiyo sera ya serikali. Lakini dawa zikiisha dirishani unaambiwa kanunue nje. Na vidonge vile vina njaa, Zuhura! Bakari anamaliza sinia la ugali, anauliza kuna nini kingine. Siku ambayo chungu hakijapanda jikoni hataki kumeza, na akiruka siku chache zile sauti zinarudi. Daktari kaandika asubuhi na jioni, unga hakuuandika.

Kilichoniliza ni mikono. Dawa ilimtetemesha. Siku moja nilimkuta uani na sindano, analamba ncha ya uzi, anakosa tundu, analamba tena. Fundi wa miaka kumi na mbili! Nikaingia ndani kujifanya natafuta chumvi. Nesi mmoja ndiye aliyetusikiliza, akamwita daktari, dozi ikapunguzwa na akaongezewa kidonge cha kutuliza mtetemo. Sasa uzi unapita, mara ya pili au ya tatu.

Ninayemhofia kwa sasa ni mama. Vitumbua vya Mgandini kaviacha tangu Machi, maana Bakari hakuwa wa kuachwa peke yake. Wateja wamehamia kwa mwingine. Kwenye kikoba alikosa hisa mara tatu, wakamtoa. Juzi redioni wamesema Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa sonona na wasiwasi vinaipotezea dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka, hasara ya dola trilioni 1. Nikamtazama mama anachambua mchele, nikajiuliza siku zake yeye nani anazihesabu. Hana cheti cha daktari, kwa hiyo haumwi. Amekonda, usiku halali, ukimuuliza anakwambia, "Mawazo tu, mwanangu."

Kwetu neno hilo linabebeshwa kila mzigo. Zimbabwe nako wana la kwao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Huko Harare, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mtaani kukaa na wenye mawazo kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Mama angefaa kuwa bibi wa benchi. Kwa sasa angefaa zaidi kukaa ule upande wa pili.

Sasa lile lililonifanya nikuandikie. Oktoba nilipokea mchezo, laki mbili na nusu. Zilikuwa zako, nilishazihesabu kabisa. Asubuhi yake nikaenda kwa jirani, nikaikomboa cherehani. Kasirika, una haki. Nitakutumia elfu thelathini kila mwezi kuanzia Desemba, na safari hii sitakuzungusha, maana Bakari keshapata kazi ya kwanza: mashati sita ya sare kwa ajili ya Januari. Mwenye watoto ni yule yule mama wa kitambaa cha harusi. Mimi mwenyewe sikuamini. Alikuja na vitambaa, akaketi barazani akiangalia mikono ya Bakari, akaaga bila kusema kitu, ila vitambaa akaviacha.

Ukipita Kariakoo nichukulie sindano za cherehani namba 16, pakiti mbili. Zinavunjika sana siku hizi. Andika kwenye deni.

Wako,
Mwanaidi