Kwa Zuhura: kuhusu lile wingu mliloliogopa

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema mlijibanza chumba kimoja, mkingoja wingu literemshe mkia kama ulivyoona kwenye video za Marekani, niliumia kwamba sikuwa karibu nawe nikueleze palepale. Umeuliza: je, mvua ya radi ikizidi ukali, mwishowe hugeuka tonado, yaani ule mkia wa hewa inayozunguka kwa kasi kutoka winguni hadi ardhini? Hapana. Radi nyingi na mvua kubwa si dalili ya tonado. Cha kuangalia ni upepo, na namna unavyobadilika kadiri unavyopanda juu.

Nianze ardhini. Jua likiipasha ardhi, hewa iliyoigusa hupata joto, ikawa nyepesi na kupanda. Ikiwa imebeba unyevu, hupoa huko juu, na mvuke wake hugeuka vitone. Ndilo wingu hilo. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapopapenda mimi: mvuke unapogeuka maji hutoa joto. Lile joto la jua lililokausha maji ya bahari na ya udongo hurudishwa ndani ya wingu, kwa hiyo hewa iliyokuwa ikipanda huzidi kupata nguvu ya kupanda. Wingu hukua hadi kilomita 12, na katika nchi za joto hata 16 na zaidi, mpaka lifike kwenye tabaka la hewa ambalo wingu haliwezi kulipenya. Hapo hutandaa likawa bapa kama fuawe ya mhunzi.

Ndani yake chembe nzito za barafu hugongana na vipande vyepesi, vikaachiana chaji za umeme. Umeme ukipiga, hewa ya njia yake hufikia joto la nyuzi 30,000 hivi, mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hiyo hutanuka ghafla, nawe ukasikia ngurumo.

Lakini wingu la kawaida hujiua lenyewe. Mvua inapoanguka huvuta hewa baridi chini, hewa hiyo ikasambaa ardhini na kuikata ile ya joto iliyokuwa ikililisha. Katika nusu saa hadi saa moja limekwisha. Haya hayakubuniwa mezani: mwaka 1946 na 1947, huko Florida na Ohio, wanasayansi wa hali ya hewa Horace Byers na Roscoe Braham walikuwa na marubani walioingiza ndege ndani kabisa ya mawingu ya radi ili wapime. Nawaheshimu sana watu wale.

Sasa chukulia upepo wa chini unavuma polepole kutoka kusini, na ule wa kilomita 6 juu unavuma kwa kasi kutoka magharibi. Hewa iliyo katikati huviringika kama gogo lililolazwa. Hewa inayopanda ikilinyanyua gogo hilo likasimama wima, wingu zima huanza kuzunguka. Tena upepo wa juu husukuma mvua pembeni, isianguke juu ya hewa ya joto na kuizima. Wingu la namna hii huitwa supaseli, nalo huweza kuishi saa kadhaa.

Hata hivyo, supaseli nyingi hupita bila kuteremsha chochote. Mzunguko wa juu hautoshi. Lazima uwepo pia karibu na ardhi. Hewa inayoshuka nyuma ya wingu ndiyo huuleta huko chini. Ikiwa baridi mno, huwa nzito, hubaki imelala, na mambo huishia hapo. Ikiwa na ubaridi wa wastani, hunyanyuliwa tena na kuvutwa juu, ikanyooka na kuwa nyembamba, na kila inavyobanwa ndivyo inavyozidi kasi, kama mtu anayezunguka kwenye kiti halafu akakunja mikono kifuani. Hiyo ndiyo tonado. Mara nyingi huwa na upana wa makumi au mamia ya mita tu, ingawa ile ya El Reno, Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013 ilifika kilomita 4.2.

Si za Marekani peke yake. Ya Bangladesh ya Aprili 1989 iliua watu wapatao 1,300. Lakini karibu na ikweta upepo kwa kawaida haubadiliki sana kutoka chini kwenda juu, ndiyo maana radi ni nyingi huko na tonado ni adimu. Na usiiite kimbunga, tafadhali. Kimbunga huzaliwa baharini, upana wake ni mamia ya kilomita, na hukaa siku nyingi. Chamchela ya vumbi ya mchana mkavu nayo ni kitu kingine. Huanzia ardhini, hata wingu halihitaji.

Ninachokuomba uogope ni radi yenyewe. Mkiona umeme, watoto wahesabu sekunde mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, wote waingie ndani ya nyumba, wala wasikimbilie chini ya mti. Wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chumba kimoja si lazima, na hofu ya mkia iacheni.

Wakianza kuhesabu, niandikie walifika ngapi.

Rafiki yako,
Mwanaidi